"ISIYOTIKISIKA" AU "STAHIMILIVU"? Uhakiki wa Istilahi za Ujenzi Unaokabili Matetemeko ya Ardhi

1. Utangulizi

Miongoni mwa orodha zinazofika mezani kwa afisa istilahi, zile za fani ya ujenzi huonekana kuwa nyepesi. Ukuta, paa, mlango na msingi ni maneno anayoyajua hata mtoto mdogo. Kwa sababu hiyo mfasiri huzipita upesi, akadhani kwamba jambo lenye jina la kawaida halina haja ya kufikiriwa mara mbili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wepesi huo ni mtego, na kwamba katika fani hii istilahi mbaya yaweza kumwangukia mtu kichwani, si kwa mfano wa maneno tu bali kwa uzito wa tofali.

Jambo hili nililitambua mjini Morogoro, katika semina ya walimu wa ufundi na mafundi wa ujenzi iliyofanyika chini ya milima ya Uluguru. Nilialikwa kueleza msamiati wa rasimu ya kijitabu kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza, kilichokusudiwa kuwafunza mafundi wa vijijini namna ya kujenga nyumba zinazoweza kukabili tetemeko la ardhi. Sitawataja waliokitafsiri, maana shabaha yangu si kumwumbua mtu. Tena mimi mwenyewe nilikuwa nimeyapitia maneno hayo kabla ya safari, nikayaona yanafaa. Ukurasa wa kwanza uliahidi kwamba msomaji atajifunza kujenga "nyumba isiyotikisika".

Mzee mmoja, fundi mwashi aliyeshuka kutoka upande wa Mgeta, aliinua mkono. "Mwanangu," aliniuliza, "huu mlima wenyewe ukitikisika, hiyo nyumba iliyo juu yake itaachaje?"

Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Nilimjibu, "Mzee wangu, ni namna ya kusema tu." Lakini jibu hilo halikuniridhisha mwenyewe, wala halikumridhisha yeye. Usiku ule nilikisoma kijitabu upya, na kila nilipozidi kukisoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba fundi yule hakuwa amekosoa neno moja tu. Alikuwa amekosoa nadharia nzima iliyojificha ndani ya neno hilo, nadharia ambayo wahandisi wa ulimwengu walikwisha kuiacha miaka mingi iliyopita.

2. Neno na nadharia yake

Yafaa ieleweke kwanza kwamba tetemeko haliiangushi nyumba kwa kuikandamiza. Uzito unaokandamiza, yaani wa paa, wa watu na wa kuta zenyewe, nyumba huubeba wima kila siku bila taabu. Tetemeko huisukuma nyumba kutoka chini na kwa ubavu: ardhi huondoka chini ya msingi, msingi hufuata, na sehemu za juu huchelewa. Kadiri nyumba ilivyo nzito ndivyo msukumo huo wa ubavu unavyokuwa mkubwa. Kwa hiyo unene wa ukuta, ambao machoni petu ni alama ya nguvu, waweza kuwa ndio adui wa mwenye nyumba. Historia ya ujenzi unaokabili matetemeko ni historia ya wanadamu kulifahamu jambo hili pole pole, na mara nyingi kwa gharama ya maiti.

Baada ya tetemeko lililoubomoa mji wa Lisbon tarehe 1 Novemba 1755, wajenzi wa Ureno walianza kutia ndani ya kuta za mawe kizimba cha mbao zilizopangwa wima, mlalo na mshazari. Husimuliwa kwamba kizimba cha mfano kilijengwa uwanjani na askari wakaamriwa kupiga miguu kukizunguka, ili ionekane kama kitahimili mtikiso. Fikra iliyokuwamo ni kwamba mawe yakimwagika, mbao zibaki zimeshikana, na watu wapate kutoka.

Huko Ujapani mafunzo yalikuja kwa njia nyingine. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 majengo ya matofali ya namna ya Ulaya yalikuwa yakijengwa kama alama ya maendeleo. Tarehe 28 Oktoba 1891 tetemeko la Mino na Owari liliua watu zaidi ya 7,000, na mengi ya majengo hayo mapya ya matofali yalipasuka na kuporomoka. Mwaka uliofuata serikali iliunda kamati ya kuchunguza matetemeko. Wajapani walikuwa wamejifunza kwamba kanuni za ujenzi zilizotungwa katika nchi isiyotetemeka hazihamishwi hivi hivi kupelekwa katika nchi inayotetemeka.

Hesabu ilikuja baadaye. Tetemeko la Messina, kusini mwa Italia, la tarehe 28 Desemba 1908, liliua makumi ya maelfu ya watu. Mwaka 1909 kamati ya wahandisi wa Italia ilipendekeza kwamba nyumba isanifiwe kubeba kani ya ubavuni iliyo sehemu ya kumi na mbili ya uzito wake katika ghorofa ya chini, na sehemu ya nane katika ghorofa za juu. Mhandisi wa Kijapani Toshikata Sano aliiendeleza fikra hiyo, na baada ya tetemeko la Kanto la tarehe 1 Septemba 1923, lililoua watu zaidi ya 100,000, Ujapani ilitia katika kanuni zake za mwaka 1924 kani ya sehemu moja ya kumi. Huko California, tetemeko la Long Beach la tarehe 10 Machi 1933 lilibomoa shule nyingi saa chache baada ya wanafunzi kwenda nyumbani. Haukupita hata mwezi mzima na nusu ikapitishwa sheria ya kusimamia ujenzi wa shule.

Hadi hapo mtu angeweza kusema kwamba shabaha ilikuwa nguvu: pima kani, kisha jenga kitu cha kuikinza. Lakini matetemeko yaliyofuata yalionyesha kwamba kani halisi mara nyingi huzidi ile ya kitabuni, na kwamba hakuna nchi yenye utajiri wa kujenga kila nyumba iwe na nguvu kuliko kila tetemeko. Katika miaka ya 1970, wahandisi wa New Zealand, hasa Robert Park na Tom Paulay, walieneza fikra ambayo kwa mtu wa kawaida ni ya ajabu: mhandisi achague mapema mahali ambapo jengo litaumia. Boriti zipinde kabla ya nguzo. Chuma kivutike kabla ya zege kupasuka. Nishati ya tetemeko imezwe katika viungo vilivyoandaliwa kwa kazi hiyo, nalo jengo libaki wima hata kama kesho yake litabomolewa. Mwaka 1981 mjini Wellington lilikamilika jengo la William Clayton, lililokalishwa juu ya mito ya mpira yenye kiini cha risasi, ili ardhi iende na kurudi bila kulivuta jengo lote pamoja nayo. Mwaka huo huo kanuni mpya za Ujapani zilitamka waziwazi daraja mbili: katika tetemeko la kawaida jengo lisidhurike, katika tetemeko kubwa laweza kudhurika, lakini lisiwaangukie watu.

Sasa msomaji na alirudie neno la kijitabu. "Isiyotikisika" inaahidi kitu ambacho hakuna mhandisi anayekiahidi. Neno "imara", ambalo wafasiri wengine wangelipendelea, lina kasoro kama hiyo, maana imara katika sikio la Mswahili ni kitu kilichosimama kisichoyumba. Fundi anayeambiwa ajenge kitu imara atafanya nini? Ataongeza unene wa ukuta, atapachika mawe makubwa, atatia tofali mbili mahali pa moja. Yaani atafanya kwa bidii na kwa moyo mweupe lile ambalo fani hii imetumia zaidi ya karne mbili kujifunza kuliepuka.

3. Kwetu matetemeko yapo

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili linatuhusu. Wapo wanaoamini kwamba matetemeko ni ya Wajapani na sisi tuna ukame na mafuriko yetu. Imani hiyo si kweli. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa, karibu na Ziwa Tanganyika, lilipigwa na tetemeko ambalo ukubwa wake unakadiriwa kuwa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kurekodiwa Afrika Mashariki. Tarehe 6 Januari 1928 lilitokea la Subukia nchini Kenya. Tarehe 7 Mei 1964 lilitokea la Mbulu. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko la Toro, magharibi mwa Uganda, liliua watu zaidi ya 150. Na tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera; watu zaidi ya 15 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, maelfu ya nyumba zilibomoka au kupata nyufa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa sababu majengo yake hayakuwa salama tena. Tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa 6.0 baharini lilizitikisa Dar es Salaam na Unguja.

Uluguru nayo haiko nje ya habari hii. Wanajiolojia hutueleza kwamba milima hii ni bonge la miamba ya kale lililoinuliwa kwa mipasuko ya ardhi. Kwa mtu anayeishi mlimani, tatizo si ukuta peke yake bali pia mteremko alioukata ili apate uwanja wa kujengea. Mwezi Februari 1970, mvua kubwa ya saa chache upande wa Mgeta ilisababisha maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000, na wanajiografia walioyachunguza wakachapisha taarifa yao mwaka 1972. Mteremko ambao mvua peke yake yaweza kuuporomosha namna hiyo hauhitaji tetemeko kubwa sana.

Tena kuna ulinganisho mmoja unaostahili kutafakariwa. Kila daraja moja nzima ya ukubwa wa tetemeko ni nishati iliyoongezeka takriban mara 32. Kwa hesabu hiyo tetemeko la Rukwa la 1910 lilikuwa na nishati zaidi ya mara 150 ya lile la Kagera la 2016. Nyumba za Rukwa za wakati ule kwa kawaida zilikuwa za miti, fito na nyasi. Nyumba nyingi zilizobomoka Kagera zilikuwa za matofali, mabichi au ya kuchoma, yaliyounganishwa kwa udongo. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya madhara. Watu wa mwaka 1910 walikuwa wachache, na mahali pa matetemeko hayo mawili si pamoja. Lakini linganisho hilo latosha kututia shaka juu ya neno moja linalopatikana katika fomu nyingi za ofisi zetu.

4. "Nyumba ya kudumu"

Neno hilo ni "nyumba ya kudumu". Katika maandishi ya utawala, tangu kampeni za nyumba bora na uhamiaji wa vijijini wa miaka ya 1970, nyumba ya kudumu imekuwa ni ile ya matofali au saruji yenye bati, na nyumba ya miti na udongo imeitwa "ya muda". Mtumishi wa serikali anapojaza fomu huweka alama katika kisanduku kimoja kati ya hivyo viwili, na alama hiyo huwa na uzito katika takwimu na machoni pa jirani.

Sina nia ya kuisifu nyumba ya fito kupita kiasi. Mchwa huila, moto huiteketeza, na mvua za masika za Uluguru huisomba plasta yake ya udongo kila mwaka. Wala si kila nyumba ya jadi ni salama: tembe la Ugogo, lenye paa la udongo lililo zito juu ya vichwa vya watu, ni kinyume kabisa cha kinachotakiwa penye matetemeko. Ninachokosoa ni kwamba neno "kudumu" limejibu swali moja, la mvua na mchwa, kisha likajifanya limejibu maswali yote. Nyumba ya matofali ya kuchoma iliyojengwa kwa udongo, isiyo na mkanda wala nondo, hudumu mpaka siku ya tetemeko. Siku hiyo ile ya fito huyumba, udongo wake ukadondoka, kizimba chake kikabaki. Wareno wa 1755 wangeitambua mara moja.

Afisa anayetumia istilahi hii na akumbuke basi kwamba inaeleza vifaa vya nyumba, haielezi usalama wake. Ingekuwa bora fomu ziseme "nyumba ya matofali" na "nyumba ya miti na udongo", maneno yanayoeleza kinachoonekana bila kutoa hukumu.

5. Msamiati wa rasimu na msamiati wa mafundi

Sasa nirudi kwenye kijitabu. Kasoro zake naziona kuwa za aina tatu.

Kwanza, tafsiri ya neno kwa neno. Ule ukanda wa zege na nondo unaozunguka nyumba nzima juu ya kuta, unaozifunga zisiachane, kijitabu kiliuita "boriti ya mviringo". Msomaji akatafuta mviringo huo katika nyumba ya pembe nne asiuone. Mafundi wa Morogoro, kama wenzao wa kwingineko nchini, wana neno lao wanalolitumia kila siku: "mkanda". Husema "kufunga mkanda", na katika usemi huo mna maelezo yote ya kazi yake, maana mkanda hufunga kiuno cha nyumba. Zaidi ya hayo, neno "ringi" mafundi wamekwisha kulipa kazi nyingine: vile vyuma vyembamba vinavyopindwa kuzizunguka nondo za nguzo. Hali kadhalika ule ukuta unaosimamishwa makusudi kupokea msukumo wa ubavu uliitwa "ukuta wa kukata", kana kwamba una makali. Mfasiri aliliona neno la Kiingereza, hakuuona ukuta.

Pili, kuchanganya dhana mbili chini ya jina moja. Kijitabu kilitumia "nguvu ya tetemeko" mahali pote, na magazeti yetu hufanya vivyo hivyo. Lakini kuna vipimo viwili tofauti. Kimoja ni cha tetemeko lenyewe, alichokianzisha Charles Richter mwaka 1935. Tetemeko moja lina tarakimu moja tu, popote ulipo. Kingine, ambacho asili yake ni kazi ya Giuseppe Mercalli ya mwaka 1902, hupima lilivyohisiwa na lilivyodhuru mahali fulani, na kwa hiyo hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Tetemeko la Kagera lilikuwa la 5.9 kwa mtu wa Bukoba na kwa mtu wa Morogoro vile vile. Lakini wa Bukoba alizikwa na kifusi na wa Morogoro hakuhisi kitu. Mwalimu asipozitenganisha dhana hizi, mwanafunzi atadhani kwamba tetemeko "dogo" haliui.

Tatu, kuacha pengo panapohitajika neno. Kijitabu kilitumia "kupinda" kwa mambo mawili: fimbo inayopinda na kurudi, na chuma kinachopinda kisirudi lakini pia kisikatike. Kwa mhandisi tofauti ya mambo haya ni uhai. La kwanza tunalo: fimbo hunyumbuka, na "unyumbufu" umekwisha kuzoeleka katika vitabu vya fizikia. La pili halina jina lililotulia. Nilipomwuliza fundi yule wa Mgeta, hakunipa neno. Alichukua kipande cha waya wa kufungia nondo akakipinda huku na huku mara kadhaa mbele ya macho yangu, kisha akachukua kipande cha tofali akakigonga kikakatika mara moja. "Hiki husema kwanza," alisema akionyesha waya, "na hiki hakisemi." Sijapata kusikia ufafanuzi bora zaidi wa dhana hiyo. Nyumba inayotakiwa ni ile inayosema kwanza: iliyo na chuma ndani yake kitakachovutika, kikalia, kikatoa nyufa, na kuwapa watu muda wa kutoka.

Hapo tukumbuke pia methali yetu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli kwa ufa wa mvua. Lakini ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha baada ya tetemeko si wa kuzibwa kwa plasta. Ni usemi wa ukuta kwamba umeshindwa na msukumo wa ubavu. Anayeuziba bila kuufunga ukuta ameunyamazisha tu.

6. Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, naleta mapendekezo yafuatayo ili wasomaji wayachambue.

(a) Jengo stahimilivu kwa tetemeko: mahali pa "isiyotikisika", "imara" na "inayozuia tetemeko". Hakuna jengo linalozuia tetemeko. Kitenzi "stahimili" na nomino "mhimili" vina asili moja katika Kiarabu, nayo ni ile ile ya "hamali", na maana yake ni kubeba. Anayetaka kuona maana hiyo na awatazame akina mama wa Mgeta wanavyoteremka na matenga ya mboga vichwani: hawakakamai, bali hulegeza magoti, huyumba na njia, na mzigo haudondoki. Najua neno "ustahimilivu" siku hizi linabebeshwa kila jambo katika ripoti. Hiyo ni sababu ya kulitumia kwa uangalifu, si sababu ya kuliacha.

(b) Mkanda: ukanda wa zege na nondo unaofunga kuta zote. Pawepo "mkanda wa chini" juu ya msingi, "mkanda wa linta" juu ya milango na madirisha, na "mkanda wa juu" chini ya paa.

(c) Ringi: vyuma vinavyozunguka nondo. Neno ni la mkopo, lakini limekwisha kuota mizizi, na kulibadili ni kumpotosha fundi.

(d) Kani ya ubavuni: msukumo wa mlalo unaotokana na tetemeko au upepo.

(e) Ukuta kinza: ukuta uliosanifiwa kupokea kani ya ubavuni.

(f) Ukubwa wa tetemeko kwa kipimo cha Richter na vile vilivyokifuata. Ukali wa tetemeko kwa kipimo cha Mercalli. "Nguvu" iachwe kwa mazungumzo ya kawaida.

(g) Unyumbufu kwa kupinda na kurudi. Uvutikaji kwa kupinda au kurefuka bila kukatika. Hili la pili ni pendekezo langu, na nitafurahi likishindwa na neno bora.

(h) Mto wa msingi: kifaa cha mpira kinachowekwa kati ya msingi na jengo.

(i) Tetemeko la ardhi libaki kuwa istilahi kuu. "Zilizala" ni neno zuri lenye historia yake katika lugha, lifaalo ushairi na mawaidha, lakini fundi wa bara hatalitambua.

7. Hitimisho

Kenya ilitoa kanuni za ujenzi kuhusu matetemeko mwaka 1973, na Uganda ikatoa zake mwaka 2003. Zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Wahandisi wetu wa Tanzania nao kwa miaka mingi walisoma na kufuata vitabu vya kanuni za Uingereza, nchi ambayo matetemeko si tishio kubwa kwake. Lakini nyumba nyingi za vijijini hazipiti mezani kwa mhandisi. Hujengwa na fundi, na fundi hujifunza kwa fundi mwenzake, kwa Kiswahili. Ikiwa elimu hii itamfikia, itamfikia kupitia maneno, na mtu wa mwisho kuyashika maneno hayo kabla hayajachapishwa ni mfasiri, mwalimu au afisa wa istilahi kama mimi.

Kwa hiyo mfasiri wa fani hii asiridhike na kamusi peke yake. Aende penye jengo, aulize kitu kinaitwaje, kisha aulize kinafanya nini, na asiandike mpaka majibu hayo mawili yapatane. Mimi sikufanya hivyo kabla ya kwenda Morogoro. Niliisoma "nyumba isiyotikisika" nikiwa nimeketi kwenye kiti, katika chumba ambacho mikanda yake sikupata kuiuliza, nikaiwekea alama ya kukubali. Alama hiyo nimekwisha kuifuta. Katika rasimu iliyosahihishwa ukurasa wa kwanza unasema hivi: "Nyumba hii itatikisika. Tujifunze kuijenga ili isituangukie."